Ule Mtaro wa Juu Nilioufukia

Kambi ya Wapima Ardhi,
Naro Moru.

Kwa mwanangu Njoroge,

Baba yangu mdogo, wewe uliyelibeba jina la baba yangu mzazi, nakusalimu wewe kwanza. Kisha namsalimu Mwende mke wako, na tumbo lake. Miguu yake iliyokuwa inavimba imepungua? Akimenya viazi akae chini, asisimame. Namsalimu kaka yako Maina, mke wake, na watoto wao watatu. Yule wa katikati ameacha kula udongo? Namsalimu dada yako Wanjiku, mwambie nimeuona mwandiko wake juu ya bahasha na nimewaonyesha watu hapa mpaka wakachoka. Namsalimu shangazi yako Wairimu pamoja na kifua chake, asilale na moshi ndani ya nyumba. Namsalimu na Mzee Kabui, jirani yetu wa upande wa chini, hata kama mbuzi wake wamekula mboga yangu tena, maana najua wamekula. Ng'ombe naye mpapase shingo umwambie ni mimi.

Mimi ni mzima. Baridi ya hapa si ya huko kwetu, hii inatoka mlimani moja kwa moja na haipigi hodi, lakini nimezoea. Dada yangu aliyenifanya nije huku mguu wake umepona, sasa anatembea bila fimbo na amerudi kugombana na majirani, kwa hivyo najua amepona kabisa. Mimi bado napikia hawa wapima ardhi. Naandika Kiswahili ili Mwende asome mwenyewe, asingoje kutafsiriwa kama mgeni. Pia mwalimu wetu wa ngumbaru, haya masomo ya sisi watu wazima, alinionyesha herufi kwa Kiswahili na mkono wangu umezoea hivyo. Ukiona makosa, cheka kidogo, kisha uendelee kusoma.

Barua yako ilifika. Uliniambia umesimamisha nguzo za nyumba yako pale kiwanjani, pale pametulia chini ya mteremko, penye migomba, na kwamba unataka kuezeka kabla ya mvua ya njahi, hii ndefu ya mwezi wa nne, ili mtoto azaliwe ndani ya nyumba mpya. Nilipoisoma nilicheza, baba. Nilicheza na mwiko mkononi, watu wakaniona.

Sasa nakwambia neno gumu, na ninalitanguliza ili usilitafute katikati ya maneno mengi: usiezeke nyumba hiyo. Usiingize kitanda humo. Usilale humo hata siku moja ya kujaribu. Nitakueleza ni kwa nini, na ukishajua utanikasirikia, na utakuwa na haki.

Ilianza hivi. Hawa wapima wako na hema kubwa ambamo kuna meza, na juu ya meza kuna ramani. Mkubwa wao ni kijana wa Meru anaitwa Gitonga, kijana wa heshima, hali bila kunawa. Mwenzake ni Mzee Salim wa Majengo kule Nyeri, yeye hubeba mnyororo wa kupimia na amefanya kazi hiyo mpaka magoti yake yanalia akiinama. Huyo ni mtu wa maneno. Asubuhi moja naingia kupanguza meza, naona ile karatasi imejaa mistari ya rangi ya udongo, inazunguka na kuzunguka, mingine imebanana kama mikunjo kwenye paji la uso wa mzee. Nikasimama hapo na kitambaa.

Mzee Salim akaniona. "Mama Maina, unapanguza ramani ama unaisoma?"

Nikamwambia, "Nashangaa hizi barabara. Nimeishi hapa miezi hii yote na sijaona hata moja. Nani anazipita?"

Woi, yule mzee alicheka mpaka kofia yake ikaanguka ndani ya chai. "Gitonga! Gitonga njoo! Mpishi wetu amegundua barabara mlimani, tuitie serikali ije kutia lami!"

Nilitaka kwenda zangu. Lakini Gitonga hakucheka. Aliniambia, "Mama, hata mimi mara ya kwanza nilidhani ni njia za fuko. Lete karai, na ulete figa moja kutoka jikoni."

Nikaleta, huku nikijiuliza nitapikia nini. Akaweka lile figa katikati ya karai, akamimina maji kidogo, kimo cha kidole kimoja. Akachukua chaki akachora juu ya jiwe pale maji yalipoishia, akalizunguka jiwe lote. Akamimina tena mpaka maji yakapanda kidole kingine, akachora tena. Hivyo hivyo mpaka jiwe likazama. Kisha akayamwaga maji yote akaniambia nisimame niliangalie jiwe kutoka juu, kama ndege.

Baba, niliona ramani. Jiwe langu la kupikia lilikuwa ramani. Upande ule figa limesimama wima, mistari ilikuwa imesongana. Upande ule limelala pole pole, mistari ilikuwa mbali mbali. Na pale palipokuwa na ule ufa wa zamani, uliotokea siku nilipomwagia uji wa moto, mistari yote ilijikunja ikaingia ndani kama kiwiko.

"Hapo penye kiwiko," Gitonga akasema, "kama lingekuwa shamba, ni bonde. Maji yatapita hapo upende usipende."

Naye Mzee Salim, ambaye sasa ameshakamua kofia yake, akasema, "Kila mstari una kimo kimoja tu, mama. Ukitembea juu yake, hupandi wala hushuki. Ningepata kazi ya kutembea juu ya mstari mmoja mpaka nife, magoti yangu yangeshukuru."

Hupandi wala hushuki. Hilo neno lilinigonga hapa kifuani. Nikakaa juu ya sanduku. Nikawaambia, "Lakini mimi nimetembea juu yake. Huu mstari nimeuchimba kwa mikono yangu. Huu ni mtaro!"

Sijui kama unakumbuka, baba, ulikuwa mdogo. Wazungu walikuwa wamemfungia baba yenu kizuizini. Sisi wanawake wa mgongo wote wa kilima chetu tulikuwa tunatolewa asubuhi mbili kila wiki kuchimba mitaro, na msimamizi anatembea nyuma yetu na fimbo. Alikuwa anakuja kwanza mtu na vijiti, anavipigilia ardhini, na vile vijiti havikwenda sawa kama kamba, vilikwenda vikizunguka kilima, vinaingia bondeni, vinatoka. Tulikuwa tunasema huyu mtu amelewa. Tulichimba kufuata vijiti vyake na wewe ulikuwa mgongoni mwangu, ukilia mpaka unanyamaza mwenyewe. Hakuna aliyetuambia vile vijiti vinafuata nini. Laiti tungeambiwa! Mtu akikuchimbisha kwa fimbo bila kukueleza, hata kitu kizuri unakichukia.

Hayo yote niliwasimulia pale ndani ya hema. Mzee Salim aliinuka akanimiminia chai, mimi mpishi wake, akaniwekea na sukari.

Subiri kidogo, maharagwe.

Nimerudi. Yalikuwa yameanza kushika chini lakini hawatajua, nimeongeza kitunguu.

Basi tangu siku hiyo Gitonga akawa ananionyesha. Hapa ni mto, hapa ni kanisa, hapa mistari imejifunga ikawa duara, ujue ni kilele. Mimi nikawa naona raha kama mtoto. Juzi kati mbuzi wa mtu alikula kile kibendera chekundu wanachoangalia kwa darubini yao ya miguu mitatu, Gitonga akawa anaangalia upande wa pili wa bonde anauliza, "Kibendera kiko wapi?" Mzee Salim anamjibu kutoka huko kwa kelele, "Kiko hapa lakini kinatafuna!" Siku hizo zilikuwa nzuri. Nami kwa kujigamba nikasema, "Hata kwetu Kangema nikipewa ramani naweza kuonyesha shamba langu."

Gitonga huenda Nyeri kila Ijumaa. Ijumaa iliyofuata alirudi na karatasi ya upande wa kwetu. Barua yako ilikuwa imefika siku hiyo hiyo, nilikuwa nayo ndani ya leso. Tukatandaza ramani. Tulipata mto. Tulipata shule, ile ya juu barabarani. Nikashuka kwa kidole kutoka shuleni, polepole, nikifuata mgongo wetu, nikamwambia, "Hapa. Hapa juu ni nyumba yangu na ya Maina, hapa unateremka sana, halafu hapa chini kabla ya mto pametulia. Mwanangu anajenga hapa sasa. Nguzo ziko juu tayari."

Nilitaka aseme, hongera mama. Yeye aliinamia karatasi mpaka pua yake ikakaribia kuigusa.

"Mama, ramani hii ni ya nchi kubwa," akaniambia. "Shamba lako hapa ni dogo kuliko ukucha. Haiwezi kuapa mahakamani juu ya mahali pa kujenga nyumba. Inaweza kuniambia tu niulize maswali. Nikuulize?"

Nikamwambia, "Uliza."

"Hapa juu ya kiwanja mistari imesongana sana. Na inakunja kiwiko, kidogo tu, kuelekea shuleni. Kuna kijibonde hapo?"

Nikasema kipo, kikavu, watoto huteleza hapo na magome ya migomba.

"Miti iliyo kwenye mteremko huo imesimama vipi?"

Nikafikiri. Baba, ile miwati yetu. Si unajua vile imepinda miguuni, shina linaanza kulala kisha linainuka kama mtu aliyesukumwa akajishika? Huwa tunasema ni upepo. Gitonga akasema upepo haupindi mguu wa mti. Ni ardhi yenyewe inayotembea polepole, na mti unajaribu kubaki wima.

"Na pale kiwanjani, mvua ikinyesha sana, kuna maji yanayotoka chini?"

Nikamwambia, ndiyo, ndipo ninapopanda nduma, haya magimbi ya penye maji, mwezi wa nne maji hutoka yenyewe.

"Na udongo wa hapo ukoje?"

Hapo nikataka kulia, kwa sababu wewe mwenyewe umeusifu katika barua yako. Umesema udongo wa kiwanjani ni mzuri, mlaini, umechimba mashimo ya nguzo nusu siku bila kukutana na jiwe. Baba, udongo huo haukuzaliwa hapo. Umetoka juu. Unakumbuka ule mwaka wa mvua nyingi, tuliamka tukakuta migomba ya chini imefukiwa mpaka kiunoni, na tukasema Mungu ametuletea mbolea? Tulimshukuru kwa kitu ambacho kilikuwa onyo.

Gitonga akauliza swali la mwisho. "Maji ya barabarani na ya uwanja wa shule, mvua ikinyesha, yanaenda wapi?"

Nilikunja leso yangu nikatoka nje. Kwa sababu jibu nalijua.

Kulikuwa na mtaro, Njoroge. Ule wa juu kabisa, chini tu ya nyumba yangu, mkubwa kuliko yote, mtu akisimama ndani unamwona kuanzia kifua. Ulikuwa unayashika maji yote ya juu kabla hayajafika kwenye mteremko, unayazungusha pole pole mpaka lile bonde la nyasi na mawe, yanashuka huko mtoni bila kumgusa mtu.

Mimi ndiye niliyeufukia.

Ile asubuhi ya uhuru unaikumbuka, ulikuwa umeshaanza shule. Wanawake walitoka na majembe wakiimba. Hakuna aliyetutuma. Ile mitaro ilikuwa jasho letu la bure, na kila mmoja alitaka kuiziba kama unavyoziba kaburi la adui. Shangazi yako Wairimu alifukia ya chini. Mimi nikasema ule wa juu ni wangu, kwa maana ndio niliochimba nikiwa na wewe mgongoni, na ndio niliopigiwa fimbo. Baba yenu alikuwa amesharudi. Alikuja akasimama ukingoni, akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Wangari, huu wa juu uache. Huu si wa mzungu. Huu ni wa maji."

Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu mbele ya wanawake wote, "Wewe ulichimba siku ngapi?"

Walicheka. Yeye alikuwa ametoka kizuizini, na mimi namuuliza alichimba siku ngapi. Aligeuka akaenda zake, na hakunikumbusha jambo hilo mpaka alipokufa. Nami nikafukia mpaka jua likawa utosini, nikapanda maharagwe juu yake, yakakua vizuri sana.

Na kuna jingine, hili ni la Mwende. Mwende binti yangu, soma hapa wewe mwenyewe. Ulipokuja kwetu mara ya kwanza, tukakutembeza shamba, ulisimama pale juu ukaniuliza kwa adabu, "Mama, mtaro wa kukinga maji uko wapi?" Kwenu Machakos watu huchimba mitaro kabla hawajaambiwa, wanaijua faida yake. Nami nikakujibu, "Hapa si Ukambani, hapa tulipata uhuru." Watu wote wakacheka, hata mume wako alicheka, nawe ukatazama chini. Ulikuwa umeona kwa siku moja kile ambacho mimi sikuona kwa miaka yote hii. Nisamehe. Sitakwambia nisamehe kwa barua tu, nitakuja nikuambie kwa mdomo.

Sasa baba, sikiliza mama yako akwambie vile unavyoweza kufanya. Nimemuuliza Gitonga kila kitu, mpaka akasema nikimaliza kuuliza yeye ndiye atapika.

Kwanza, ng'oa nguzo. Najua umezisimamisha na rafiki zako wakala na wakanywa. Najua watu watasema Njoroge anajenga na kubomoa kama mtoto anayecheza. Waambie ni mama yako amesema, na mama yako ni mzee na anaogopa. Mzigo huo wa aibu uniwekee mimi, niko mbali, haunichomi.

Pili, nyumba ipeleke kwenye ule mgongo ulio kando, penye miti mitatu ya mukima. Kwenye ramani mistari pale inatoka nje kama goti badala ya kuingia ndani kama kiwiko. Maji yakifika goti hugawanyika, huenda huku na huku. Na miti ya pale imesimama wima, nimeipanda mwenyewe. Najua utaniambia pale ni shamba langu la njahi, yale maharagwe meusi. Najua niliwahi kusema hakuna mtu atagusa pale nikiwa hai. Basi niko hai na ninasema paguse. Njahi zimekauka sasa, zivune zote, zifunge kwenye gunia, zimngoje Mwende. Mwanamke akijifungua bila njahi atapata wapi maziwa? Kisha jenga.

Shida ya pale ni kwamba Mwende atapanda na mtungi kutoka mtoni mbali zaidi. Hilo limeniuma na nimelifikiria sana. Mwanzoni Wanjiku amsaidie akitoka shule, nami nikija nitabeba. Afadhali mgongo uume kuliko, basi, nisiseme.

Tatu, ule mtaro urudi, hata kama umehamisha nyumba. Chini ya mteremko kuna Mzee Kabui na mbuzi wake, na ingawa mbuzi wake ni wezi, sitaki wafukiwe. Usiuchimbe kwa kukisia macho, macho hudanganya mlimani. Fanya hivi. Kata fito mbili za urefu mmoja, zifunge vichwa, uweke wa tatu katikati kama daraja, iwe kama herufi A ya kwanza kabisa niliyofundishwa. Kutoka kwenye kichwa ning'iniza kamba na jiwe. Isimamishe mahali, weka alama pale kamba inapogusa ule ufito wa katikati. Sasa igeuze, mguu wa kushoto ukanyage pale palipokuwa na wa kulia, na wa kulia pale pa kushoto, weka alama nyingine. Nusu ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kamba ikitulia hapo, miguu yote miwili iko kimo kimoja. Piga kijiti, zungusha mguu mmoja mbele, tafuta usawa tena, piga kijiti. Utaona vijiti vinazunguka kama vya yule mtu tuliyemwita mlevi. Hakuwa amelewa.

Gitonga anasema mtaro usiwe sawa kabisa, ushuke kidogo sana kuelekea lile bonde la nyasi, unene wa kidole kwa kila hatua, ili maji yatembee yasikimbie. Wala usiuelekeze kwa jirani. Ukipotea mahali muulize Mwende, nafikiri amewaona wazee wao wakifanya.

Usichimbe peke yako. Mpelekee shangazi Wairimu barua hii, umsomee kuanzia pale nilipofukia. Mwambie awaite wanawake wa mgongo wetu wafanye ngwatio, kazi ya kusaidiana, siku moja tu ya watu wengi inatosha. Tulifukia pamoja tukiimba, na sasa hakuna fimbo nyuma ya mtu. Watapikiwa. Wakinicheka waache wacheke, huku wakichimba.

Wewe umepanga kuezeka mwisho wa mwezi, na mimi naogopa barua itachelewa njiani. Nikifunga macho naona ule mteremko na miwati inajishika. Wewe mwenyewe ungeniambia, mama, pametulia miaka hii yote. Ndiyo, pametulia kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuamka na kuona. Migomba hailalamiki. Na mtoto huyo, baba, fikiria. Akiwa mvulana ataitwa jina la baba yenu. Akiwa msichana ataitwa Wangari, kama kawaida yetu, atakuwa mimi. Itakuwa ni mimi nimelazwa pale chini na maji ambayo nimeyafungulia njia kwa jembe langu. Siwezi, Njoroge. Baba yenu aliniambia mara moja na nikamjibu vibaya. Wewe nakwambia mara ya pili kwa niaba yake.

Kambi itahama kutoka hapa wiki mbili zijazo, nimeomba ruhusa nije nyumbani kwanza, na Gitonga amekubali. Mzee Salim anasema watakufa njaa na kwamba ataninyang'anya figa langu kama dhamana. Huyu mzee amenipa na kamba yake nzuri ya kuning'inizia jiwe, nitakuja nayo, lakini wewe usiningoje. Anza na kamba yoyote.

Nisalimie kaka yako Maina na umwambie hili linamhusu pia, maji yanaanzia kwake. Nisalimie mke wake, ambaye najua atapika siku ya ngwatio kuliko wote. Nisalimie dada yako Wanjiku. Nisalimie jirani yetu Mzee Kabui, na umweleze kwa upole, asiogope kabla ya wakati. Nisalimie Mwende, binti yangu, mara mbili.

Usinijibu kwa barua ndefu, sina subira nayo. Nenda posta ya Kangema upige telegramu kwa anwani ya kambi iliyo nyuma ya bahasha, Gitonga ataichukua Nyeri Ijumaa. Andika maneno mawili tu: nguzo zimehama. Wingu limeufunika mlima tangu jana asubuhi na Mzee Salim anasema magoti yake yananusa mvua. Mvua ikianza huko kwenu mimi hapa nitajuaje? Nenda posta leo, baba, kabla hujala.

Mimi mama yako,
Wangari